Mapinduzi ya viwanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (fuata pamba utaelewa)

Mdogo wangu yuko sekondari na kila muhula akifika kwenye mada hii ananipigia simu, maswali ni yale yale, na wenzake nao wakaanza kunitumia ya kwao, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja. Mi nimekulia Simiyu kwenye mashamba ya pamba, na kwa kweli historia hii ilinikaa kichwani siku nilipogundua kwamba ni historia ya lile zao ambalo tulikuwa tunachuma mpaka vidole vinachanika. Kwa hiyo pamba itatajwa sana humu.

Mapinduzi ya viwanda ni nini hasa, na yalianza lini?

Ni kipindi ambacho kazi iliyokuwa inafanywa nyumbani kwa mikono, hasa kusokota uzi na kufuma nguo, ilihamia kwenye majengo makubwa yenye mashine zinazoendeshwa kwanza na maji ya mto halafu baadaye na mvuke. Yalianza Uingereza, na tarehe za vitabuni huwa ni kati ya 1760 na 1840, ila usizishike kama siku ya kuzaliwa maana hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema leo tunaanza mapinduzi. Ukitaka sehemu moja ya kunyooshea kidole basi nyooshea Cromford, kijiji cha Derbyshire, ambako Richard Arkwright alijenga kiwanda cha kusokota pamba kuanzia 1771, watu wanaingia kwa kengele, zamu za mchana na usiku, wanakaa kwenye nyumba za kampuni. Huyo bwana alianza maisha kama kinyozi na mtengeneza nywele za bandia. Mashine yenyewe inabishaniwa mpaka leo nani aliibuni kweli na mahakama ilikuja kumnyang'anya hataza (haki ya kumiliki ubunifu), lakini ule mpangilio wa kuweka watu na mashine chini ya paa moja na saa ukutani, huo ndio uliosambaa dunia nzima.

Kwa nini Uingereza na siyo India au China, wakati wao walikuwa mbele?

Swali zuri na ni kweli walikuwa mbele. Nguo za pamba za India zilikuwa nzuri na rahisi kiasi kwamba Waingereza wenyewe walitunga sheria kuzizuia, ya kwanza 1700 na nyingine 1721, ili kuwalinda wafumaji wao wa sufu. Kwa hiyo ule uhuru wa biashara waliokuja kuuhubiri baadaye, wao wenyewe walianza na ukuta.

Sababu ziko nyingi na wanahistoria hawajamaliza kuvutana, ila mi naona mbili zina uzito kuliko zingine. Moja, mshahara Uingereza ulikuwa juu ukilinganisha na sehemu nyingine halafu makaa ya mawe yalikuwa bei chee, sasa mahali ambapo mtu ni ghali na nishati ni rahisi, mwenye pesa lazima atafikiria mashine. India ilikuwa kinyume, msokotaji wa pale alikuwa hodari na analipwa kidogo, ya nini kununua mashine. Mbili, Uingereza ilikuwa na meli, makoloni, masoko ya ng'ambo na pesa iliyotokana na sukari na biashara ya watumwa wa Atlantiki. Ongeza na mifereji ya kupitishia mashua, ule wa Bridgewater ulipofika Manchester kutoka machimbo ya Worsley miaka ya 1760 bei ya makaa mjini ilishuka karibu nusu.

Ile hadithi kwamba Wazungu walikuwa na akili zaidi kuliko wengine naomba tuiache kabisa. Waliobuni mashine wengi walikuwa watu wa kawaida, wafumaji, maseremala, watengeneza saa, walitatua shida iliyokuwa mbele ya macho yao kwa sababu palikuwa na faida kuitatua.

Kwa nini ilianzia kwenye pamba jamani, siyo chuma?

Chuma nacho kilikuwepo, Abraham Darby alishaanza kuyeyusha kwa kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza badala ya mkaa wa miti tangu 1709 huko Coalbrookdale. Ila nguo kila mtu anavaa.

Jaribu hiki kitu, kama uko karibu na shamba chukua tumba moja lililopasuka. Kwanza toa mbegu kwa vidole, zinang'ang'ania kweli kweli, utakaa dakika kadhaa kwa tumba moja tu. Halafu vuta nyuzi kidogo kidogo huku unazisokota kwa kidole gumba na cha shahada. Mara ya kwanza zitakatika, ya pili zitakatika, ya tatu utapata kauzi ka urefu wa mkono, upande mmoja kanene kama kamba na mwingine kamekonda mpaka unaona mwanga. Bibi yangu alinionyesha hivyo nikiwa na miaka tisa na nilichoka kabla sijapata hata uzi wa kushonea kifungo. Sasa fikiria shati.

Ndiyo maana kusokota ndiko kulikokuwa kizuizi. John Kay alikuwa amerahisisha kufuma mwaka 1733, mfumaji mmoja akawa anahitaji wasokotaji kadhaa kumlisha uzi. James Hargreaves wa karibu na Blackburn akaja na mashine ya spindle (vijiti vya kusokotea) nane kwa mpigo katikati ya miaka ya 1760, Arkwright akaleta ya maji 1769, Samuel Crompton wa Bolton akachanganya mawazo ya wote wawili mwaka 1779. Inakadiriwa kwamba kusokota ratili 100 za pamba (ratili moja ni karibu nusu kilo) kwa mkono ilikula saa zaidi ya 50,000, na kufikia 1825 mashine zilifanya hivyo kwa saa kama 135. Uzi mwembamba uliouzwa shilingi 38 kwa ratili mwaka 1786 ulikuwa chini ya shilingi 7 mwaka 1807. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanaita mapinduzi.

Si mvuke ndio ulianzisha kila kitu?

Hapana, viwanda vya kwanza viliendeshwa na mito. Injini ya Thomas Newcomen ya 1712 kazi yake ilikuwa kuvuta maji nje ya machimbo ya makaa ya mawe, na ilikula makaa mengi mno kiasi kwamba ilikuwa na maana pale pale machimboni tu. James Watt akaja na chemba ya pembeni ya kupozea mvuke, hataza ni ya 1769, makaa yakapungua sana, halafu miaka ya 1780 injini ikaweza kuzungusha gurudumu. Hapo kiwanda hakikulazimika tena kukaa kando ya mto kijijini, kikahamia mjini kwenye watu wengi, na ndiyo Manchester ikafura.

Treni zilichelewa kuliko watu wanavyodhani. Stockton hadi Darlington 1825, Liverpool hadi Manchester 1830, na siku ya ufunguzi wa hiyo ya pili mbunge William Huskisson aligongwa na treni akafa.

Watoto walikuwa wanafanya kazi gani kiwandani? Ni kweli wa miaka saba?

Ni kweli, na wengine wadogo zaidi. Kulikuwa na kazi kuu mbili. Ya kwanza kuunga nyuzi zinazokatika, mashine inaenda mbele na kurudi nyuma siku nzima na mtoto anaifuata, vidole vyake vidogo ndivyo vinafaa. Ya pili ilikuwa kutambaa chini ya mashine inayotembea kufagia vumbi na vipande vya pamba, na mashine haisimamishwi, ukichelewa kutoka imekukuta. Saa 12, 13 na zaidi kwa siku. Hewa imejaa vumbi la pamba, joto na unyevu vinawekwa makusudi maana uzi ukikauka unakatika.

Wengi wa mwanzo walikuwa yatima au watoto wa maskini waliokuwa wanatunzwa na parokia, parokia inamsainisha mtoto kwa mwenye kiwanda mpaka awe mtu mzima, analishwa na kulazwa ila mshahara hana. Watetezi wa wenye viwanda walisema hata vijijini watoto walifanya kazi, na ni kweli, mi mwenyewe nimechuma pamba nikiwa mdogo. Lakini shambani jua likiwa kali unakaa chini ya mti, unacheka na wenzako, unarudi nyumbani kwa mama. Kuwekwa mbele ya mashine isiyochoka ni kitu kingine kabisa na sikubali viwekwe kapu moja.

Bunge lilisikiliza ushahidi 1832 na mwaka uliofuata sheria ikapita: chini ya miaka 9 marufuku kwenye viwanda vingi vya nguo, wa 9 mpaka 13 saa 48 kwa wiki, na wakaguzi wa serikali wanne kwa nchi nzima. Wanne tu! Lakini ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mtu wa serikali mwenye haki ya kuingia kiwandani kuangalia. 1842 ikaja sheria ya machimbo, wanawake na wavulana chini ya miaka 10 wasishuke chini ya ardhi.

Hao Luddite, wale wavunja mashine, walikuwa wajinga wanaoogopa teknolojia?

Hapana hapana, hapa watu wanawaonea sana. Walikuwa mafundi, waliianza 1811 Nottinghamshire kwenye soksi na lesi, ikaenda Yorkshire na Lancashire. Mashine walikuwa wanazitumia maisha yao yote, walichopinga ni tajiri kutumia mashine kutoa bidhaa mbovu kwa vibarua wasiofunzwa na kuua bei ya kazi yao, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa marufuku kisheria toka 1799, kwa hiyo waambie wangedai wapi. Walituma barua kwanza, wakaomba bunge, halafu ndipo nyundo. Serikali ikajibu kwa kufanya kuvunja mashine kosa la kunyongwa, 1812, na Januari 1813 watu 17 wakanyongwa York.

Ukitaka kuona hofu yao ilikuwa na msingi angalia wafumaji wa mkono wa Lancashire. Mashine za kusokota zilipoleta uzi mwingi wao walineemeka kwanza, hawajawahi kupata pesa kama ile, wakaongezeka mpaka zaidi ya 200,000 nchi nzima. Halafu mashine za kufumia kwa mvuke zikakaa sawa miaka ya 1820, na malipo yakaporomoka mwaka hadi mwaka, mtu anafuma saa nyingi zaidi kwa pesa kidogo zaidi, na wengi walikufa wakiwa bado wanafuma kwa sababu walikuwa wazee mno kuanza kitu kingine. Kizazi kizima kiliisha hivyo.

Je, hali ya maisha ilipanda au ilishuka?

Inategemea unauliza mwaka gani na unamuuliza nani. Kwa kifupi mishahara halisi ilidumaa miongo mingi huku uzalishaji unapanda, ikaja kuonekana vizuri baada ya 1840 hivi. Sasa huko nyuma ni zaidi ya miaka 50, ni maisha ya mtu huyo, amezaliwa amekufa hajaona faida.

Mjini ndiko kulikuwa kubaya. Manchester ilikuwa na watu kama 75,000 mwaka 1801 na zaidi ya 300,000 mwaka 1851, bila mabomba ya kutosha wala mifereji ya maji taka, familia nzima kwenye chumba cha chini ya ardhi, choo kimoja mtaa mzima. Kipindupindu kikapiga 1832. Ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842 iliweka namba ambazo mi huwa nikizisoma nanyamaza kidogo: wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua Manchester ulikuwa miaka 17, na Rutland, ambayo ni shamba tupu, ilikuwa 38. Siyo kwamba watu wote walikufa wakiwa na 17, ni kwamba watoto wachanga walikufa wengi mno wakavuta wastani chini. Na huo mji ndio ulikuwa unavalisha dunia, halafu mpaka 1832 haukuwa hata na mbunge wake.

Wanawake je?

Walipoteza kwanza. Kusokota ilikuwa kipato cha mwanamke karibu kila nyumba ya kijijini, na mashine iliua hicho kipato ndani ya miaka michache. Baadaye wakaingia viwandani kwa wingi kwa malipo ya chini kuliko wanaume. Marekani huko Lowell, Massachusetts, waliajiri mabinti wa wakulima, wakakaa mabweni yenye masharti na kengele, wakapata pesa yao wenyewe kwa mara ya kwanza, na mishahara ilipokatwa 1834 hao hao mabinti waligoma, wakagoma tena 1836.

Utumwa ulihusika vipi?

Ulihusika kwenye kila uzi. Uingereza haioti pamba. Mwaka 1787 iliingiza ratili kama milioni 22, mwaka 1837 milioni 366, na sehemu kubwa ilitoka kusini mwa Marekani ambako Waafrika waliofanywa watumwa ndio walilima na kuchuma. Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua mbegu 1793, na badala ya kupunguza mzigo wa watu ikaongeza, kwa sababu sasa kizuizi kikawa shambani. Watumwa Marekani walikuwa kama 700,000 mwaka 1790, mwaka 1860 wanakaribia milioni 4. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807 na utumwa kwenye makoloni 1833, ikawalipa fidia ya pauni milioni 20 wenye watumwa, watumwa wenyewe hata senti, na viwanda vyake vikaendelea kununua pamba ya watumwa wa Marekani miaka mingine karibu 30.

Yalisambaaje nchi nyingine kama Uingereza ilikuwa inaficha?

Ilificha kweli, fundi alikatazwa kuhama nchi mpaka 1824 na mashine nyingi hazikuruhusiwa kuuzwa nje mpaka 1843. Haikusaidia. Samuel Slater aliondoka 1789 akiwa na ujuzi wote kichwani, akaanzisha kusokota kwa mashine Pawtucket, Rhode Island. William Cockerill wa Lancashire akaenda Verviers, Ubelgiji ya leo, 1799. Ujerumani walishajenga kiwanda karibu na Düsseldorf 1783 na wakakiita Cromford, jina lile lile! Japani walichelewa ila walifanya kwa mpango, serikali ikajenga kiwanda cha hariri Tomioka 1872 kwa msaada wa Wafaransa, wakajifunza, wakaendelea wenyewe. Misri chini ya mtawala wake Muhammad Ali nayo ilijaribu mapema, viwanda vya nguo kabisa, lakini mkataba wa biashara wa 1838 kati ya Uingereza na Waosmani, ambao Misri ilikuwa chini ya dola yao, ulimnyima ulinzi wa soko.

Sisi Afrika Mashariki tulihusika wapi?

Mapema kuliko watu wanavyodhani. Unajua ile nguo nyeupe nzito ya merikani? Jina siyo bahati mbaya. Sultani Said bin Sultan alisaini mkataba na Wamarekani 1833, 1837 wakafungua ubalozi mdogo Zanzibar, na meli za bandari ya Salem zikawa zinaleta nguo za viwanda vya Massachusetts na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Merikani ikapanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji, ikawa kama pesa, unalipia chakula, wapagazi na hongo ya kupita kwa mikono ya nguo. Pembe zikaenda Connecticut kuwa vitana na vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba, Waingereza na viwanda vya Bombay wakachukua soko, lakini jina tukaliacha lile lile.

Na ufumaji tulikuwa nao, vigurudumu vya kusokotea vimechimbuliwa Kilwa na visiwa vya Lamu, na Ufipa walifuma pamba yao. Nguo ya mashine ilikuwa rahisi mno kushindana nayo.

Maji Maji inaingiaje hapa?

Inaingia moja kwa moja na sielewi kwa nini darasani zinafundishwa kama mada mbili. Viwanda vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani na bei ilikuwa inawayumbisha, wakataka pamba ya koloni lao. Kusini mwa Tanganyika wakalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja, ujira kidogo au hakuna, na mashamba yako ya chakula yanakusubiri. Julai 1905 Wamatumbi huko Nandete waling'oa pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita, miche ya pamba imeng'olewa, na wakoloni walielewa ujumbe. Vita na njaa iliyofuata, Wajerumani wakichoma mazao makusudi, vilimaliza watu wengi sana, makadirio yanaenda mpaka 250,000 na zaidi.

Mtu wa Nandete na mfumaji wa Bolton hawakuwahi kusikiana lakini uzi ni ule ule.

Wafanyakazi walipata haki vipi, walipewa tu?

Hakuna aliyepewa. 16 Agosti 1819 watu kama 60,000 walikusanyika St Peter's Field, Manchester, wengi na nguo zao za Jumapili, kina mama na watoto, wanadai kura, na askari wa farasi wakaingia na mapanga, wakaua watu kama 18 na kujeruhi mamia. Vyama vikaruhusiwa 1824, Chartist, vuguvugu la wafanyakazi la kudai kura, wakakusanya saini mamilioni kuanzia 1838 na bunge likazikataa mara tatu, saa kumi za kazi kwa wanawake na vijana zikapita 1847. Ukipiga hesabu kutoka Cromford ni miaka 76.

Niko Uingereza, naweza kuona wapi haya mambo?

Nenda Quarry Bank, Styal, dakika chache tu toka uwanja wa ndege wa Manchester. Kiwanda ni cha 1784, na ile nyumba walimolala watoto bado ipo. Cromford nayo ipo.

Halafu Manchester mjini tafuta sanamu ya Abraham Lincoln. Watu huwa wanashangaa anafanya nini pale. Vita vya Marekani vilipokata pamba 1861 hadi 1865 viwanda vya Lancashire vilifungwa, watu wakalala njaa, na wapo waliotaka Uingereza iwasaidie mabwana wa kusini pamba irudi. 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walifanya mkutano wakamwandikia Lincoln kwamba wako naye dhidi ya utumwa, na hali wenyewe hawana kazi. Lincoln akawajibu Januari 1863, na maneno ya barua yake yamechongwa pale chini ya sanamu, unaweza kusimama ukayasoma.